Tano kwa Kila Swali

"Kati yenu wawili, Mama Obare, nani amepona zaidi?"

Aliyeuliza ni Kultum, mke wa Abdirashid muuza leso, jirani yao wa soko pale Migori, asubuhi moja alipokuja kununua sukuma wiki. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu vile mtu huuliza mvua ilinyesha upande gani, huku macho yake yakianguka kwenye mkono wa Nyatichi, ndiye huyo Mama Obare, yakaenda kibanda cha pili kwa Bonareri, muuza mboga mwenzake, kisha yakarudi. Nyatichi alicheka kidogo akasema, "Mungu ndiye anajua." Kultum akachukua mboga zake akaenda, na pengine kabla hajafika dukani alikuwa ameshasahau. Nyatichi hakusahau. Lile swali liliingia ndani yake, likatafuta mahali pa kukaa, likakaa.

Mikono yao iliungua siku moja, kwa sufuria moja. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka wa tisini na sita, wakati wa makambi, ile wiki ambayo Waadventista huacha nyumba zao na kuhamia kwenye mahema kusikiliza neno. Nyatichi na Bonareri walipewa jiko. Asubuhi ya Sabato walikuwa wanaipua uji wa watu mia mbili, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja ameshika sikio la sufuria kwa kipande cha gunia. Walipofika katikati, upande wa Bonareri ukashuka. Uji ukawarukia wote wawili. Nyatichi aliungua mkono wa kulia, vidole vyote hadi kifundo. Bonareri aliungua wa kulia pia, hadi karibu na kiwiko.

"Gunia limeteleza!" Bonareri alilia. "Jamani, gunia limeteleza!"

Watu wakaamini gunia. Lakini Nyatichi ni mtu wa kuangalia. Tangu mume wake afariki amejifunza kuangalia kila kitu mara mbili kabla hajakisema. Naye hakuona gunia likiteleza. Aliona vidole vya Bonareri vikifunguka. Hakumwambia mchungaji, hakumwambia Obare mwanawe aliye kazini Nakuru. Alimwambia Mungu peke yake, na Mungu alikuwa ameona mwenyewe.

Vidonda vilipokauka, ngozi ilianza kuvuta. Vidole vya Nyatichi vilikunjwa ndani mpaka kucha zikawa zinachoma kiganja. Mwanzo wa mwaka uliofuata wakapelekwa hospitali ya misheni upande wa Homa Bay, ambapo daktari wa upasuaji anayeitwa Mokaya alikuwa akija mara mbili kwa mwaka kufungua mikono, shingo na midomo ya watu. Alikata makovu, akachukua ngozi ya paja, akaipandikiza mkononi. Bonareri alifanyiwa siku hiyohiyo. Walilazwa vitanda vya kufuatana, wakila samaki wa ziwa kwa mikono ya kushoto. Usiku wa kuamkia siku ya kutolewa plasta, Nyatichi aliomba hivi: "Baba, nikiviona vidole hivi vimenyooka, hutanisikia nikinung'unika tena."

Na vilinyooka. Asubuhi ile alilia mbele ya manesi. Lakini baada ya miezi minne kovu likaanza kuvuta tena, polepole, kama mtu anayefunga mlango asitake usikike. Kidole gumba kikaingia ndani. Vidole viwili vya mwisho vikakifuata.

Mwenye kazi nyingine angeweza kuishi na mkono kama huo. Nyatichi alikuwa muuza sukuma. Na Migori, mwanamke akinunua sukuma jioni hataki majani mazima. Anataka umkatie palepale, nyembamba, afike nyumbani atie kwa sufuria. Unakunja majani kwa mkono wa kushoto, kisu kinakuwa kwa ule wa kulia, kinakwenda tu cha-cha-cha huku mnaongea habari za watoto. Kisu cha Nyatichi kilikuwa hakikai. Gumba halikuweza kukibana. Alihamia mkono wa kushoto, na sukuma zake zikatoka nene, za kutafunwa na mbuzi. Wateja walikuwa na heshima. Walimsalimia vizuri, wakamuuliza habari ya Obare, kisha wakapita kwenda kwa Bonareri.

Bonareri alikata. Nyatichi alimwangalia kwa pembe ya jicho kutoka saa tisa mpaka giza linapoingia. Kila mara alikuwa amejitupia leso begani, ikaning'inia mpaka chini, unaona tu ncha ya kisu ikitoka na sukuma zikianguka nyembamba kama nyuzi. Na leso zenyewe! Kila mwezi moja mpya, ya njano, ya zambarau, ya maua makubwa, zote kutoka kwa Kultum. Nyatichi alijua Nicanor, mume wa Bonareri, anafanya kazi ya lori la miwa na anapokea mshahara. Ana mume, ana mkono, ana wateja, na bado anataka leso ya kutuonyesha. Hata kanisani siku hizi alikuwa anaingia wimbo ukiwa umeshaanza, anakaa nyuma, na baraka ikitolewa tu ameshatoka, asisalimiane mlangoni na watu. Amekuwa mkubwa, Nyatichi aliwaza. Aliyeachilia sufuria ndiye amekuwa mkubwa.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba, mvua zile kubwa zikiwa zimekata barabara mahali pengi, waliitwa Homa Bay kuangaliwa. Daktari Mokaya alipima vidole vyao kwa kile chuma chake cha kupimia pembe, akaandika. Kisha akawaambia wagonjwa wote waliokuwa pale, "Hiki chuma kinajua kidole kimekunjika kiasi gani. Hakijui maisha yako na hicho kidole. Hayo unajua wewe peke yako. Kwa hiyo sista atawauliza maswali, na jibu lenu nitalichukua kwa uzito sawa na chuma changu."

Sista mwenyewe alikuwa Dolphine, msichana wa kisiwa cha Mfangano mwenye sauti ya juu, kama watu waliozoea kuitana juu ya maji. Aliketi nyuma ya pazia na fomu yenye maswali ishirini. Nje ya pazia palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwa ameketi Bonareri, akingoja zamu yake.

"Mama, ni hivi," Dolphine alisema. "Moja ni siwezi kabisa, ama ninaumia sana. Tano ni sawa kabisa, sina shida. Katikati, chagua mwenyewe. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, sista."

"Kushika kisu na kukata mboga."

Nyatichi aliangalia mkono wake juu ya magoti. Alikumbuka ombi lake la usiku ule wodini. Alisikia pia benchi likilia pale nje, Bonareri akijisogeza, na lile swali la Kultum likaamka.

"Tano," akasema.

Dolphine aliinua macho. "Tano?"

"Bwana ni mwema. Andika tano."

"Kufunga vifungo vya nguo?"

"Tano."

"Kufinya ugali? Kubeba ndoo? Kulala bila maumivu?"

"Tano, tano, tano."

"Unaona haya mkono wako ukionekana na watu?"

"Nione haya kwa kazi ya Mungu? Tano."

"Haya, nyar Kisii," Dolphine alicheka, akimwita binti wa Kisii vile Wajaluo huwaita. "Wewe umemaliza karatasi. Nikipata kumi kama wewe, daktari atanipeleka Nairobi kwa likizo."

Nyatichi alitoka ameinua kichwa, akaketi kwenye benchi palepale alipotoka Bonareri. Hakukusudia kusikiliza. Lakini pazia ni kitambaa. Jibu la kwanza la Bonareri lilikuwa "Tano," na moyo wa Nyatichi ukaruka. La pili, "Nne." Kisha sauti ikashuka, maswali yakawa hayasikiki, yakasikika majibu tu: "Moja." Tena, "Moja." Kisha mtu anapenga kamasi. "Mbili. Hapana sista, andika moja."

Nyatichi alijumlisha kichwani kama mtoto wa darasa la nne. Aliwashukuru walimu wake. Alikuwa ameshinda kwa mbali sana.

Sabato iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Ndugu zangu, niliulizwa maswali ishirini na watu wa hospitali. Nilijibu tano kwa kila swali!" Kanisa zima likasema amina. Mzee Angwenyi alimshika mkono ule wa kulia, akauinua juu watu wauone, na gumba lililoingia ndani likaonekana kama limefunga kwa ajili ya sala. Sokoni wakaanza kumwita Mama Tano. Hata Kultum alimwita hivyo, na Nyatichi aliitika. Bonareri alikuwa ameketi nyuma siku ile ya ushuhuda. Alitoka kabla ya baraka.

Mwezi wa nne barua mbili zilifika kwa sanduku la posta la kanisa. Mzee Angwenyi alizileta sokoni mwenyewe. Ya Bonareri ilimwambia aje Homa Bay Jumatatu ya tarehe ishirini, alazwe, daktari amfanyie upasuaji wa pili. Ya Nyatichi ilikuwa fupi zaidi. Aliisoma mara tatu, midomo ikitembea.

"Tunafurahi kwamba umepona vizuri na huna shida na mkono wako. Faili yako imefungwa. Mungu akubariki."

"Si ni habari njema, Mama Tano?" Mzee Angwenyi alisema.

"Ni njema, mzee."

Kwa siku tisa Nyatichi hakupata usingizi wa kueleweka. Aliyeachilia sufuria atafunguliwa mkono mara ya pili. Yeye aliyeshika mpaka mwisho, faili imefungwa. Akiinama kuomba, kinywa kinasema Baba yetu, macho yanaona leso ya zambarau na kisu kinachokwenda cha-cha-cha. Atarudi Bonareri na mkono mpya, hata wale wateja wawili watatu waliobaki kwa huruma watahama. Jumatatu tarehe ishirini alifunga kibanda, akamwomba Kultum amwangalizie magunia, akaenda.

Hospitalini harufu ya omena, wale dagaa wa ziwa, zinazoanikwa ufukweni ilikuwa imeingia hadi kwenye korido. Dolphine alikuwa nyuma ya pazia lilelile.

"Aa! Nyar Kisii wa tano! Umekuja kutusalimia?"

"Sista, nimekuja unifungulie faili."

Dolphine aliacha kucheka. Alivuta kiti. Alimwangalia mkono, akaugeuza, akajaribu kulivuta gumba likakataa. "Mama. Huu ndio mkono uliosema tano?"

"Ndio huu."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri ni ushuhuda."

"Ushuhuda ni kanisani. Hii karatasi haimpimi Mungu, mama. Inapima shida yako, ili tujue pa kukata. Daktari aliona gumba limevuta, chuma kilimwambia. Mimi mwenyewe nilimwuliza. Akasema, mwenye mkono amesema unamtosha, mimi ni nani nimlazimishe kisu?" Alifungua daftari la wagonjwa. "Vitanda vya wiki hii ni vinane. Vimejaa. Cha mkono ni kimoja tu, na mwenyewe ameshaingia asubuhi. Nikikuuliza upya, nitampelekea daktari fomu zote mbili, achague. Siwezi kukuahidi. Na akirudi tena ni mwezi wa kumi, kama atarudi."

"Niulize."

"Ukweli sasa."

"Ukweli."

"Kushika kisu na kukata mboga."

Nyatichi alifungua kinywa. Lile jibu lilikuwa neno moja tu, na lilimchukua muda kama kupanda mlima na gunia. "Moja."

"Vifungo."

"Obare akija ndiye hunifunga. Asipokuja navaa za kuvuta kichwani. Moja."

"Kufinya ugali."

"Mbili. Ninafinya na kushoto, na nyumbani hakuna wa kuniona."

"Kulala bila maumivu."

"Tatu. Baridi ikija, mbili." Alipumua. Alitegemea angejisikia mwepesi, maana anaungama. Badala yake kitu kingine kilikuwa kinapanda kooni, kitu kilichongoja mwaka mmoja na miezi minane. "Na yule mliyempa kitanda, sista, mimi ninakaa naye kibanda kwa kibanda. Anakata sukuma nyembamba kama nyuzi. Nimemwona kila siku ya Mungu. Aliwalilia tu hapa, ninyi mkamwonea huruma. Ana leso kumi!"

"Mama, siwezi kuzungumzia karatasi ya mtu mwingine. Kila mtu hujibu ya mkono wake."

"Basi andika hili la mkono wangu! Hatungekuwa hapa, mimi wala yeye. Gunia halikuteleza. Yeye ndiye aliyeachilia sufuria. Niliona vidole vyake vikifunguka, nikabaki nimeshika mimi peke yangu kama mjinga!"

Dolphine hakuandika. Alikuwa anaangalia juu ya bega la Nyatichi.

Pazia lilikuwa wazi. Bonareri alisimama hapo na gauni la wodi, kadi ya kulazwa mkononi, leso ya zambarau begani. Alikuwa ametumwa kuleta kadi ipigwe muhuri.

"Uliona," akasema.

Nyatichi aligeuka. Hakuwa na pa kurudi. "Niliona."

"Na ukakaa nayo muda wote huu. Kibanda kwa kibanda. Unaniambia Sabato njema, dada, na hiyo kitu iko mdomoni."

"Wewe je? Ulikaa na gunia mdomoni."

Bonareri aliingia. Sauti yake haikupanda. "Nilisikia moto, nikaachilia. Sikukufikiria wewe, nilifikiria mkono wangu. Ni hivyo. Nilijua uliona, maana wewe huangalia watu kama unahesabu nyuzi za nguo zao. Nikangoja useme. Ungesema siku ile, ningepiga magoti pale kwenye uji."

"Na kitanda? Mkono wako unafanya kazi, Bonareri!"

"Unafanya. Si nilisema tano kwa hilo swali? Ulikuwa hapo kwa benchi. Ulisikia."

Nyatichi alikuwa amesikia. Katika kujumlisha kwake kote, hiyo tano ya kwanza alikuwa ameiweka kando kama jani lililooza.

Bonareri alitoa leso begani. Aliiweka juu ya meza, akaweka mkono juu yake, ulivyo, mbele ya macho yao. Nyatichi alikuwa hajauona wazi tangu siku ya plasta. Kovu lilikuwa limevimba kutoka vidoleni hadi kiwikoni, jekundu na jeusi na jeupe, kamba juu ya kamba, likang'aa kama kitu kilicholowa. Mahali pengine alikuwa amejikuna mpaka damu.

"Nicanor hali ugali nikiufinya na huu," Bonareri alisema. "Anaenda kula hotelini Awendo, anasema ni kazi. Mtoto wangu wa mwisho, tukivuka barabara, anazunguka nyuma yangu ashike ule mwingine. Mlangoni kanisani Mzee Angwenyi alinishika mara moja, nikamwona akijipangusa kwa koti. Unasema leso kumi. Ni kumi na moja. Hesabu vizuri."

Nyatichi aliangalia ule mkono. Alitaka kusema kitu, na alichokipata tu, Mungu amsamehe, ni kwamba hata hapa, hata katika kuumia, Bonareri alikuwa amemzidi. Aliiona hiyo fikira ikipita ndani yake, akaijua sura yake, wala hakuweza kuifukuza. Mkono wake mwenyewe ulikuwa juu ya meza, gumba limelala ndani, shubiri moja tu kutoka kwa ule mwingine.

"Kaeni chini nyote wawili," Dolphine alisema. "Nitamwita daktari. Yeye ndiye atachagua, si ninyi."

"Hakuna cha kuchagua," Bonareri alisema. Aliweka ile kadi ya kulazwa mbele ya Nyatichi, akaisukuma kwa vidole vyake vyenye makovu mpaka ikagusa gumba lililokunjika. "Mwandikie yeye kitanda, sista. Nilimwachilia mara moja, yatosha. Lakini usiandike kwamba nimepona."

"Bonareri," Nyatichi akasema. "Dada."

Bonareri aliiacha leso palepale mezani. Akapita pazia, akashika korido kuelekea mlango wa nje, mkono wazi, watu wa kwenye benchi wakiuangalia.